Plagi Shingoni

Fundi alivaa waya shingoni. Ukiingia karakana yake pale Kiogoro ukamkuta ameinamia benchi, waya mweusi umemzunguka shingo na plagi inaning'inia kifuani, ungedhani ni daktari aliyepotea njia akaangukia kwa maseremala. Ulikuwa waya wa ruta, ile mashine ya kuchimba mifereji kwenye mbao na kupamba kingo za meza na milango. Kila alipotaka kubadilisha biti, yaani kile chuma chenye makali kinachozunguka chini ya mashine, aliichomoa plagi ukutani, akajivika waya, ndipo akachukua spana. "Stima haiwezi kutoka kifuani kwangu," alisema. "Nikiiona plagi hapa, najua vidole vyangu bado ni vyangu."

Nilimfahamu miaka kumi na minne. Saba ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wake, saba ya mwisho nilikuwa mwoga. Nilimkosea jambo moja kubwa, nikalificha, na yeye akaumia nalo kila siku ya hiyo miaka. Nitalisema, sikimbii tena, lakini wacha kwanza mumwone mtu mwenyewe, maana nikianza na kosa langu mtanikasirikia mimi na kumsahau yeye.

Mimi nilitoka ofisini. Nilikuwa nikichapa barua mjini Kisii, ofisi ikafungwa, nikarudi nyumbani na kucha zangu ndefu na viatu vya visigino. Nilipomwambia mume wangu nataka kujifunza useremala alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Fundi hakucheka. Alizitazama kucha, akazitazama nywele nilizosuka zikafika mgongoni, akasema, "Karani, hizo kucha hazina shida. Hizo nywele ndizo zitakuua." Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Tangu siku hiyo jina langu likawa Karani, na mimi nikamwita Fundi kwa sababu hata mkewe alimwita hivyo.

Kwa kawaida tuliongea Kigusii kama kila mtu. Alisalimia kwa Kigusii, akateta kwa Kigusii, akaomba Mungu kwa Kigusii. Lakini akishika ruta tu, anageuka Mswahili. Alifundishwa kuitumia na fundi mmoja mgeni zamani akiwa kibarua mbali na kwao, na alisema maneno yale yaliingia kichwani kwa Kiswahili, na hataki kuyatafsiri asije akaacha moja njiani. Kwa hiyo ndani ya karakana Kiswahili kilikuwa lugha ya mashine. Ukimsikia ameacha Kiswahili na mashine ingali inanguruma, jua umefanya jambo baya na afadhali uizime haraka. "Yaya, yaya, yaya!" angepiga kelele, hapana, hapana, hapana, na wewe moyo unashuka mpaka kwenye soksi.

Wiki mbili za kwanza hakuniruhusu hata kuiwasha. Nilizunguka ubao wa mgrivelia na mashine iliyozimwa mkononi, nikizunguka na kuzunguka kama mtu anayepiga pasi shuka ambayo haipo. Wapita njia walisimama mlangoni kucheka. Yeye aliketi kwenye gogo akinirekebisha kama vile chuma kinakata kweli. "Ukingo wa nje, zunguka kinyume cha mshale wa saa. Ukiingia ndani ya shimo, fuata mshale wa saa. Ikikusukuma, uko sawa, wewe isukume nayo ikupinge. Ikikuvuta umekosea njia, hiyo itakimbia na ubao na wewe mwenyewe." Siku ya kwanza niliyowasha, ilinivuta. Niliona mara moja alichokuwa akisema, na niliogopa mpaka nikacheka.

Hakuamini klampu moja, kile kibano cha kushikia ubao kwenye benchi. Klampu moja, alisema, ubao unageuka nayo kama mlango na bawaba. Weka mbili, kisha utikise ubao kwa hasira zako zote, ukitulia ndipo uanze. Biti usiiingize nusu, ingiza mpaka mwisho kisha irudishe kidogo sana, halafu kaza. Iwashe kabla haijagusa mbao, na ukimaliza usiiweke chini mpaka inyamaze kabisa. Na usile mfereji wote kwa mara moja. Hapo alikuwa na mfano wake wa ugali, aliurudia kwa kila mwanafunzi na kila mara yeye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. "Wewe Karani, kwenu mnameza sahani? Si mnamega? Basi mega." Ukipita mara tatu kidogo kidogo, kazi inatoka laini, ukilazimisha mara moja, mbao inaungua, biti inavunjika, na kipande kinatafuta jicho la mtu.

Miwani ilikuwa sheria. Hata mteja aliyeingia kuuliza habari ya kitanda chake alivishwa miwani mlangoni, mzee wa kanisa na fimbo yake, wote. Lakini pua yake hakuifunika hata siku moja. Sisi alitununulia vitambaa vya kufunga mdomo na pua, yeye akasema vinamziba asisikie harufu, na mbao inayoungua hujulikana kwa harufu kabla ya moshi. Miaka yote hiyo alivuta vumbi la mbao. Jioni alikohoa, akatema nje ya mlango, akasema ni baridi. Tulikuwa watu wanne mle ndani na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, maana ungeanzaje kumfundisha Fundi usalama?

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa saa tisa mashine zinazimwa, maranda yanafagiwa, na kabla ya kufunga mlango tulisimama mstari mmoja tukanyoosha mikono. Alipita akihesabu vidole vya kila mmoja, kwa sauti, taratibu. Mara ya kwanza niliona ni utoto. Alimaliza na vyake mwenyewe, akivinyanyua vyote mbele ya uso wake. "Kumi. Tunaenda Sabato tukiwa kamili." Halafu Jumamosi, baada ya ibada, ungemkuta amefungua karakana, amevaa suti, anazunguka akigusa mbao. Mkewe alimuuliza kama hiyo si kazi. Akasema hafanyi kazi, anazisalimia.

Alikuwa na kiburi pia, nisimfanye malaika. Alijivunia vidole vile. Mafundi wenzake pale mjini karibu kila mmoja alikuwa amepungukiwa na kitu, huyu ncha ya kidole, yule ukucha, na yeye hakuwahurumia. Alisema mbele yao kwamba anayekatwa na ruta amejikata mwenyewe. "Swichi hudanganya," alisema. "Huwezi kujua imezimwa au imewashwa ukiitazama haraka. Plagi haidanganyi. Iko ukutani au iko shingoni." Walimchukia kidogo kwa maneno hayo, na siku yake ilipofika walikuwa wameyahifadhi.

Sasa nifike pale.

Ukutani palikuwa na soketi mbili. Ya kushoto Fundi aliipaka rangi nyekundu, nayo ilikuwa ya ruta peke yake, miaka yote. Ya kulia ilikuwa ya mashine ya msasa na vitu vingine. Ile ya kulia ilikuwa imelegea, ukichomeka kitu inabidi ukishikilie. Asubuhi ile simu yangu ilikuwa imezima na nilikuwa nangoja kupigiwa na shule ya mtoto. Nikaichomoa ruta kwenye nyekundu, nikaweka chaja ya simu. Ruta nikaichomeka kulia, nikaibana na kipande cha mbao isilegee. Simu ilipopata chaji kidogo niliichomoa, na kwa sababu nilitaka kulainisha ubao wangu, nikachomeka mashine ya msasa pale kwenye nyekundu. Nikasema nitarudisha baadaye. Ilikuwa jambo la dakika kumi tu, jamani.

Nikashika ruta nikaendelea na mlango wangu. Wenzetu wawili walikuwa wamepeleka kitanda kwa mteja, tulikuwa mimi na Fundi peke yetu. Katikati ya mfereji stima ikapotea.

Na ninyi mnajua watu wa kwetu stima ikipotea. Kitu cha kwanza si kuzima mashine. Kitu cha kwanza ni kusema "aah!" na kutoka nje kuangalia kama na jirani imepotea. Kinyozi anatoka na mashine yake mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa nusu, mama wa duka la mbegu anatoka, tunaulizana ng'ambo ya barabara, "Hata kwako?" "Hata kwangu." Basi roho inatulia. Fundi alitugombeza juu ya tabia hiyo kila wiki. Nami siku ile nililaza ruta ubavu kwenye benchi, swichi ikiwa imewashwa vilevile, nikatoka nje kuuliza.

Yeye akaona hiyo ndiyo nafasi ya kubadilisha biti. Alifanya kila kitu kama alivyofanya siku zote. Alienda kwenye soketi nyekundu bila kuangalia, kama unavyonyoosha mkono kwenye kitasa cha mlango wa kwako, akachomoa, akajivika waya shingoni, akachukua spana. Ulikuwa waya wa msasa.

Stima ilirudi nikiwa bado nje nacheka na kinyozi. Nilisikia ruta ikinguruma, halafu nikasikia Kigusii.

Nilimkuta ameketi sakafuni, mkono wa kushoto ameufunga ndani ya aproni, na aproni inabadilika rangi. Hakulia. Alishika plagi kifuani kwa mkono wa kulia, akanionyesha. "Karani, plagi ninayo. Iangalie. Plagi ninayo shingoni." Nilizima ukutani. Nikapiga kelele watu waje, kinyozi akakimbia kutafuta gari. Na katika ile dakika, wakati Fundi amefumba macho, mkono wangu ulichomoa ruta kule kulia ukaichomeka kwenye nyekundu. Sikupanga. Sitasema ni shetani, ni mimi. Nilirudisha kila kitu mahali pake, kisha nikapiga magoti nikamshika bega nikamwambia pole, Tata, yaani baba, pole.

Vidole viwili vilienda, cha shahada na cha kati.

Wenzetu waliporudi waliangalia ukutani wakaona ruta iko kwenye nyekundu kama kawaida, na waya uliokuwa shingoni ni wa msasa. Basi ilikuwa wazi kwa kila mtu: mzee alichomoa plagi isiyo yake. Amezeeka, macho yamechoka, kichwa kimechoka. Wale mafundi wa mjini walikuja kumwona hospitalini na machungwa kwenye mfuko, wakamwambia pole, wakatoka nje wakasema fundi wa plagi amekatwa na plagi. Niliwasikia nikiwa pale kwenye ngazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Nilikuwa na nafasi kesho yake, na Ijumaa iliyofuata. Kila nilipofungua mdomo niliona uso wake ukinigeukia, nikafunga.

Yeye mwenyewe alikuwa anajiuliza kwa sauti. "Nilienda kulia? Karani, uliniona nikienda kulia?" Nikamjibu sikuwepo, nilikuwa nje. Hilo angalau lilikuwa kweli. Alisimama mbele ya ukuta ule, mkono umefungwa bendeji, akinyoosha ule mzima kwenye nyekundu, kisha kwenye ile ya kulia, kisha nyekundu, akijaribu kukumbuka mwili wake ulifanya nini. Baada ya mwezi alifunga karakana. Alisema mtu asiyejua mkono wake umeenda wapi hawezi kufundisha mtu mwingine. Ruta akanipa mimi. Aliifunga ndani ya gunia safi, akasema, "Chukua wewe, macho yako bado mazuri," na mimi nikaichukua.

Nikafungua karakana yangu. Nimefundisha watu kwa mashine hiyo, wanawake wengi miongoni mwao, wote wanavaa plagi shingoni. Wakiniuliza nani alikufundisha nawaambia, na wakiniuliza yuko wapi nasema amestaafu, yuko shambani kwake Nyansiongo. Nilimtembelea mara moja kwa mwaka, Desemba, na sukari na mkate, nikaketi nusu saa nikaondoka.

Mkewe alinipigia simu mwaka jana, msimu wa mvua. Alisema kifua kimemshinda Fundi, anauliza habari yangu. Nikaenda siku ya Jumapili. Nyansiongo kuna baridi, nyasi ilikuwa imelowa hadi magotini na ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye tope nyuma ya nyumba. Nilimkuta ameketi barazani na koti zito, amekonda, anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Lakini macho yalikuwa yaleyale. Aliangalia viatu vyangu, akaangalia kamba za viatu. "Bado hujui kufunga, Karani. Kamba ndefu hivyo, ukiwa kwenye mashine?"

Tuliongea. Alinieleza chai yao mwaka huu ikoje, akanitajia kila ng'ombe na siku aliyozaa. Kichwa chake kilikuwa sawa kuliko changu. Kisha akataka kunionyesha ndama, akainuka, tukatembea polepole mpaka kwenye zizi. Mlango ulikuwa na kufuli. Akaishika kufuli akaiacha. "Ufunguo anao kijana," akasema. Kijana mwenyewe ni mwanawe mkubwa, mwanamume wa miaka arobaini na kitu. "Hawaniruhusu tena. Wala kukamua, wala kuwasha moto, wala panga. Wanasema nitasahau nilichoshika." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekueleza dawa anazokunywa. "Na ni kweli. Tangu siku ile siwezi kujiamini. Nikifunga geti namuuliza mama watoto, nimefunga? Narudi kuangalia. Nimefunga. Lakini siku ile pia nilikuwa na uhakika."

Nilishika ule mlango wa zizi. Miaka saba nilidhani nilichomnyang'anya ni vidole viwili.

Nikamwambia. Nikaanza na simu, na chaja, na shule ya mtoto, nikasikia najitetea, nikaacha, nikaanza upya. Nikasema, Fundi, ulienda kushoto. Ulienda kwenye nyekundu kama siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa nimebadilisha. Ruta ilikuwa kulia, nyekundu ilikuwa na msasa. Niliacha swichi ikiwa imewashwa nikatoka nje kuulizana na watu. Na ulipokaa pale chini umefumba macho, niliirudisha ruta mahali pake, ndiyo maana hukuelewa. Mkono wako haukukosea.

Mvua ilianza kidogo, hakuijali. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Aliunyanyua mkono wa kulia mbele yake akauangalia, kisha akaunyoosha hewani upande wa kushoto, kwenye soketi ambayo haikuwepo, akachomoa, akajivika. Akarudia. Halafu machozi yakaanza kumtoka, na akaanza kuita, kwa sauti ambayo sikujua kifua kile bado kinayo. "Mama! Mama, njoo!"

Mkewe alitoka jikoni mbio, mikono ina unga, akidhani ameanguka. Fundi akamwambia kwa Kigusii kwamba hakuwa yeye aliyekosea. Alisema mara nyingi, haraka haraka, akimshika mkono, hakuwa yeye, alienda kushoto, hakuwa yeye. Alikuwa na furaha. Mungu anisamehe, sijawahi kuona mtu mwenye furaha vile, na ningependa ardhi ipasuke nizame. Kisha akanigeukia, akaacha Kigusii, akatumia lugha ya mashine. "Rudia, Karani. Polepole, asikie."

Nikarudia. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi palepale kwenye jiwe la mlango wa zizi, akajifunika uso kwa leso yake yenye unga.

Mwanawe alikuja kutoka nyuma ya nyumba na ndoo mbili za maziwa, akauliza kuna nini, kwa nini mzee ananyeshewa. "Rudia," Fundi akasema. Nikarudia mara ya tatu, mbele ya mtu ambaye alinitazama kama anayetazama nyoka, na alikuwa na haki. Nilipomaliza nilimwambia Fundi nimekosa, nisamehe. Sijui kama alinisikia. Hakuniangalia tena siku ile, na hakuishi mpaka Desemba.

Alikuwa amemgeukia mwanawe. Alinyoosha ule mkono wa kushoto, wenye vidole vitatu, kiganja juu, kama sisi tulivyomnyooshea mikono siku za Ijumaa.

"Ufunguo," akasema.